Kabla Hamjanililia

Owino, Jentrix, wanangu, sogeeni hapa kitandani na mzime hiyo redio, maana sauti ya mama yenu haifiki mbali tena. Nyumba hii ya Ruiru ni ya Jentrix, na ploti ya Kiuu ni ya Owino. Hayo msiyabishanie, si makubwa.

Kubwa ni huu uvimbe wa shingoni. Saratani kali kama hii nimeitafiti tangu mkiwa shule ya msingi, kule maabara ya Juja, tukiunda vipande vya RNA vya kuziba ujumbe unaoiambia seli izidi kukua. Kwenye vyombo vya maabara seli zilikufa. Kwenye panya, damu iliivunjavunja dawa kabla haijafika, na panya wakafa wote. Baba yenu mdogo Ayub alinicheka mbele ya wageni kwamba nimezeeka nikichezea panya. Sijamsahau, lakini mazishini mpeni kiti cha mbele.

Sasa nisikilizeni vizuri. Daktari hathubutu kuukata uvimbe huu nikiwa hai, kwa sababu umekumbatia mshipa mkubwa wa damu. Nikikata roho, mwamsheni kwanza Mourine, mwanafunzi wangu, aliyehamia chumba cha wageni na ule mtungi wa baridi kama wa wapandishaji ng'ombe wanaogandishia mbegu. Ruhusa nimempa. Akate kipande akigandishe papo hapo, kwa sababu RNA yake, inayobeba ule ujumbe wa seli, haingoji, na jasho la kidole tu huiharibu.

Kwetu binti ndiye hupiga yowe la kwanza, na likisikika tu, nyumba hujaa watu, kila mmoja akitaka kumshika marehemu uso na mikono. Jentrix, nakujua. Fumba mdomo, hata kama ni kwa kuuma shuka, kwa sababu Ayub akiwahi kuingia atasema sizikwi na pengo shingoni, na wazee watamuunga mkono. Owino, wewe simama mlangoni.

Kufa sikuogopi, wanangu. Naogopa kuzikwa na kitu ambacho Mourine angekisoma.

Nipeni maji... kidogo tu. Mungu awatunze, awape watoto wenye masikio. Msigombane. Mnisafirishe nyumbani bila... bila mbwembwe.

Na Mourine akishafunga mtungi, Jentrix... toka nje, nenda uani, mama. Lia. Lia mpaka Githurai wasikie.