Mama Angèle Bolila na Herufi za Wanaume

Baada ya miaka ishirini na minane katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni yetu ya mizigo ya mtoni, Mama Angèle Bolila anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025. Wanaume wa kampuni wanashusha pumzi. Sisi wanawake tunalia, lakini tunalia tukicheka, na sababu mtaiona mwishoni.

Alizaliwa Isangi, kwa watu wa mto, akaja Kisangani kusoma, akaolewa, akaajiriwa kupanga mafaili. Kazi iliyompa sifa haikuwamo kwenye mkataba wake: kuwachagulia zawadi wanaume wanaostaafu. Alipofika, kila mwanaume alikuwa anapewa tai. Alipewa mkurugenzi, akapewa pia Papa Carlos, mpakiaji wa bandarini, ambaye maishani mwake hajawahi kumiliki shati lenye kola. Papa Carlos aliifanya kamba ya mbuzi. Mama Angèle alikutana na yule mbuzi barabarani, amevaa tai ya kampuni, akarudi ofisini amekasirika kweli kweli, na mambo ya tai yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo akawa anawachunguza. Kumchagulia zawadi mwanaume wa hapa kwetu kunataka subira, maana ukimuuliza anataka nini anajibu chochote tu, na ukimletea chochote ananuna mpaka Pasaka. Mama Angèle hakuuliza. Alitazama nani anajifuta jasho kwa mkono wa shati na nani anabeba karatasi za kazi kwenye mfuko wa sukari, kisha akaenda kwa fundi Moussa kule Kabondo kuagiza leso, taulo au mkoba, na kila kimoja kikatariziwa herufi za mwanzo za majina ya mwenyewe. Wanaume walijifanya hawajali. Tuliwaona wakizipapasa zile herufi chini ya meza.

Si kila zawadi ilifika nzima. Taulo ya Papa Hugues ilikuwa bado kwenye mashine umeme ulipokatika, na sherehe haikungoja. Alikabidhiwa taulo yenye herufi moja, na mpaka leo mtaa wote unamwita Papa H.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Papa Djuma. Mke wake alikuwa njiani kwenda soko la Tshopo, akaona taulo ya mumewe imeanikwa kwenye kamba, D.K. kwa uzi mwekundu, uani kwa mama mmoja ambaye si shangazi wala dada wa mtu. Ni yule ambaye wanaume wetu, kwa adabu zao, humwita deuxième bureau, ofisi ya pili ya mume wa mtu. Kelele zilisikika hadi ng'ambo ya mto! Wiki iliyofuata wanaume walituma ujumbe kuomba zawadi zisizo na herufi. Mama Angèle aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia kwamba mwenye roho safi haogopi jina lake mwenyewe, halafu akawafungulia mlango watoke.

Sasa nifike kwenye kinachouma. Zawadi za wanawake hazikuwa mikononi mwake. Zilikuwa na kamati yake, wanaume watupu, chini ya uenyekiti wa Papa Léon Litoko wa ghala, na kamati hiyo ilikuwa na wazo moja tu: sufuria. Mama Sara aliweka sawa hesabu za kampuni hii tangu ujana wake, na alipostaafu alipewa sufuria ya kutosha kupikia matanga. Wanaume wakapiga makofi. Yaani mwanaume anaondoka na jina lake, mwanamke anaondoka na jiko. Mama Angèle hakupiga makofi siku hiyo, na pale kwenye ngazi alitamka kwa sauti iliyofika ghalani: bon, miye mukiniletea sufuria, nitapika kamati yote ndani yake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa hajui anachotaka. Alitaka kitu kimoja chenye herufi zake, na kisiwe cha jikoni.

Papa Léon alisikia, kwa jinsi masikio yake yalivyo. Mwezi uliopita alileta sufuria, seti nzima, zinang'aa, na juu ya kila kifuniko amechongesha herufi. Si za Mama Angèle. Ni zake yeye, L.L., kubwa kama zile za mlango wa ghala. Tulipomuuliza alieleza bila haya kwamba mtoaji asipojulikana ni kama hakutoa, et puis, hata wanasiasa si wanaweka sura zao kwenye vitenge wanavyogawa? Tulimshukuru, tukazifungia sufuria stoo, tukaenda zetu kwa fundi Moussa.

Kwa hiyo, Mama Angèle, boksi lililo mbele yako usiliogope. Na Papa Léon, ambaye mpaka tunapofika kwenye mstari huu anaamini humo mna sufuria zake, atulie kwenye kiti. Mna mkoba wa ngozi ya kahawia wenye kufuli, wa aina ile ile uliyokuwa ukiwachagulia wakurugenzi, na juu yake A.B., zimeshonwa kwa mkono ili umeme usipate nafasi ya kutuaibisha. Ubebe popote utakapo. Ukionekana umening'inia mahali, tutajua ni wako, na hatutauliza kitu.

Asante kwa miaka yote uliyotutazama vizuri kuliko tulivyotazamana wenyewe. Nenda ukapumzike, mama yetu, uwe na afya, wajukuu wakusikilize, na siku zako za nyumbani ziwe tamu.

Sufuria ziko salama stoo. Papa Léon anastaafu mwaka ujao, na herufi zake zimo tayari.

Nyota, kwa niaba ya wanawake wa ofisi