Miguu ya Mzee Njoo-Kesho, Fundi Saa

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Njoo-Kesho, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947, mtoto wa nne wa mpiga matofali na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kutembea kuliko ndugu zake wote, kwa kuwa kila alipowekwa chini alikuta kitu cha kuchunguza.

Alianza shule mwaka 1955 na kumaliza darasa la nane 1962. Alifukuzwa mara moja, kwa wiki nzima, baada ya kuifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone kinacholia ndani. Aliporudi, saa ile ilikuwa inakwenda vizuri kuliko zamani.

Mwaka 1964 mjomba wake alimfundisha ufundi wa saa. Baadaye akafungua kibanda chake karibu na posta, akakikalia miaka arobaini na zaidi, lenzi jichoni, mgongo umepinda. Jina la Njoo-Kesho alilipata hapo, na aliyempa ni mama yetu. Alikuwa mpiga taipu kijana aliyepeleka saa ya mkononi iliyohitaji kupanguswa vumbi tu. Fundi akamwambia, "Njoo kesho." Kesho ikazaa kesho nyingine, wiki mbili zikapita. Siku moja binti akaweka mikono kiunoni: "Fundi, saa hii inatengenezwa au inazaliwa?" Ndipo fundi akakiri kwamba saa ilipona siku ile ile ya kwanza, ila mwenye saa ndiye ambaye yeye hakutaka kumwachia aende. Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1974.

Alipostaafu mwaka 2008, macho yaliyozoea vitu vidogo yakahamia kwa ndege. Watoto tulichanga tukamnunulia darubini. Akawa anashinda barazani akiwatazama chozi na mnana, ametulia tuli, kwa maana ndege hawapendi mtu wa kuhangaika. Raha ilikuwa yake, lakini sukari ilikuwa imeshaingia mwilini, na mwaka 2011 akapata kidonda cha mguu. Daktari hakumficha: "Mzee, usipotembea, mguu huu tutaukata." Akampa pedomita, kile kidude cha kubana kiunoni kinachohesabu hatua, aje nacho kila kliniki.

Kliniki ya kwanza muuguzi alishangaa. "Mzee, unatembea au unakimbia?"

"Natembea, mwanangu. Polepole tu."

Hatua zilikuwa nyingi, na kidonda kilizidi kupanuka. Hakuna aliyeelewa, mpaka mama alipochelewa ibada wiki mbili mfululizo. Saa kubwa ya ukutani, ambayo haikuwahi kukosea tangu waoane, ilikuwa inabaki nyuma. Saa ya fundi ichelewe? Mama akafungua kioo chake. Pedomita ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kile chuma kinachoyumba, inatembea kwa niaba ya mwenyewe, na uzito wake ndio ulioichelewesha saa. Njia ya mwongo fupi, hata akiwa fundi.

Mama hakupiga kelele. Alienda nayo barazani, akaiweka mapajani kwa baba. "Mume wangu, saa ikibaki na miguu na wewe ukakosa, mimi nitaishi na nani?"

Baba aliigeuza pedomita mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndege wangu je?"

"Tutawafuata waliko."

Kesho yake, na safari hii kesho ilikuwa kesho kweli, kidonda kimefungwa vizuri na viatu vipana miguuni, wakatoka. Walianza na kona ya mtaa, wakafika uwanjani, na miezi ilivyokwenda wakafika bwawa la nyuma ya tanuri la matofali, mama akibeba darubini, baba akibeba pedomita kiunoni, pahali pake. Huko ndiko alikomwona mdiria, yule ndege mvuvi, kwa mara ya kwanza, akamshika mama mkono kama kijana. Mama, ambaye hadi leo kila ndege kwake ni njiwa, aliitikia, "Mzuri huyo njiwa." Kidonda kilifunga. Mguu ulibaki. Tulipewa miaka kumi na mitatu ambayo hatukuitarajia, na tunamshukuru Mungu, na daktari, na zaidi tunakushukuru wewe, mama.

Mwezi Machi mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Alipofika hospitalini alisogezewa kiti cha magurudumu, akacheka: "Hicho mpe asiye na mke." Akaingia kwa miguu yake. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Aprili 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mmoja.

Gari la kumpeleka baba makaburini liko tayari hapo nje, lakini mama ameomba lirudi tupu. Amesema abebwe mabegani, naye atamsindikiza mumewe kwa miguu, nasi sote nyuma yao, taratibu.

Mungu amjalie pumziko jema.