Fundi Subiri na Kioo Kilichotazama Juu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Subiri, alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa kitinda mimba. Mama yao alikuwa mtu wa kazi za kutwa, kwa hiyo alilelewa mgongoni kwa dada yake, ndiye huyu anayewasomea. Alikuwa mtoto wa kulia bila sababu na kunyamaza bila sababu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, akamaliza sekondari Novemba 1979. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Walimu walilalamika kwamba hamalizi mtihani, maana kila jibu alilipekua upya kama mtu anayetafuta chawa. Likizo alishinda dukani kwa mjomba wake, fundi miwani, akisugua lenzi. Mjomba huyo ndiye aliyempeleka chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1983.

Tarehe 1 Aprili 1986 aliajiriwa katika karakana ya lenzi za vyombo vya kupimia ardhi, ambayo baadaye ilitengeneza vioo vya darubini za setilaiti. Kazi yenyewe, kwa sisi tusioijua, ni kusugua kioo kwa unga laini na maji, kukipima, kisha kukisugua tena, miaka nenda miaka rudi. Kioo kikisuguliwa hupata joto na kuvimba, kidogo sana, jicho halioni, lakini kipimo kinaona. Ndiyo maana kila bosi alipochungulia mlangoni na kuuliza, "Bado tu?" alijibiwa, "Subiri kipoe." Jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na mwalimu wa chekechea. Siku hiyo aliichukua kamera ya mpiga picha, akatoa kitambaa mfukoni na kuipangusa lenzi taratibu, wageni wakiungua na jua. Bibi harusi akamwambia, "Ukimaliza na huyo, na mimi nipo." Picha zile zipo mpaka leo. Watu wote wamenuna, lakini hata kifungo kilichokatika kwenye shati la mjomba kinaonekana waziwazi. Walijaliwa mabinti wawili.

Sehemu inayofuata baadhi ya ndugu walitaka iachwe. Walisema marehemu hasemwi kwa kosa lake. Mwenyewe aliagiza isomwe, na dada yake hana ubavu wa kumkatalia.

Mwaka 2009 alikabidhiwa kioo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushika, cha setilaiti ya kuangalia mito na kuonya watu kabla ya mafuriko. Kioo kikubwa hulemewa na uzito wake. Kikilazwa kifudifudi hujipinda upande huu, kikilazwa chali hujipinda upande ule. Huko juu uzito hakuna, kwa hiyo wahandisi walipiga hesabu ya kuuondoa mpindo huo, na hesabu yao ilikuwa ya kioo kilicholala kifudifudi. Kabla ya vipimo vya mwisho, Subiri aliona ufa kwenye mojawapo ya maegemeo yaliyokishikilia kioo kikiwa kifudifudi. Akaogopa kioo kisije kikaanguka. Akakigeuza, akakipima kikitazama juu, na hakuwaambia wenye hesabu. Akasugua mpaka namba zikakubali. Kilikuwa kioo safi kabisa, kwa hapa chini; huko juu hesabu ingeondoa mpindo wa upande usio wake. Mzembe asingefanya kosa lile, kwa sababu mzembe asingeuona hata ule ufa.

Setilaiti ilirushwa tarehe 3 Oktoba 2015. Karakana nzima ilishangilia, wakakata keki. Picha ya kwanza ilipokuja, mto ulionekana kama wino uliomwagikiwa maji. Wenzake walilaumu mtikisiko wa roketi. Yeye aliitazama, akakaa kitini.

"Ni mimi," alisema. "Nilikigeuza."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Dada yake alimwambia kuteleza si kuanguka.

"Hapana, dada. Kioo cha mezani nikikosea nakirudia. Kile kimeshapanda. Nani atapanda kukifuata?"

Masika yaliyofuata mito ilivunja kingo. Setilaiti ilipita juu ya maji yale na haikumfaa mtu yeyote. Marehemu aliisikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama, walipofika kwenye idadi ya waliokufa akazima redio. Tangu hapo alibaki na tumaini moja. Ghalani kulikuwa na kioo cha akiba ambacho hakijaguswa. Kila mwaka aliomba akianze, ili irushwe setilaiti nyingine, na kila mwaka aliambiwa mwakani.

Agosti 2022 alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Februari iliyofuata fundi mwenzake alikwenda kumjulia hali wodini.

"Kile cha akiba wamekianza?" marehemu akauliza.

Mkewe alimkonyeza mgeni asiseme. Lakini yule bwana uongo hauwezi.

"Kimeuzwa, ndugu yangu, pamoja na mashine. Mwezi ujao wanafunga karakana."

Marehemu aligeukia ukutani. Jioni dada yake alipoleta uji, alimshika mkono. "Siku ya kunizika wasomee habari za kioo. Mafundi watakaokuja nyuma yetu wajue. Kabla hujapima, sema kinatazama wapi."

Alifariki tarehe 19 Machi 2023, saa kumi alasiri.

Dada ametii. Lakini wakati wa kuandika karatasi hii tuliulizia ni mafundi gani watahudhuria. Atakuja mmoja, yule yule wa wodini, na siku hizi anauza simu. Hakuna wanaokuja nyuma yao. Sisi wengine tuliopo hapa hatutapima kioo maishani mwetu. Kwa hiyo wosia wa marehemu umesomwa, na hauna mtu wa kuupokea.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na dada aliyembeba mgongoni.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.