Mwalimu Nicolasa Góngora, Aliyewasubiri Watoto Wamalize Kusema

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Desemba 1941 kijijini Xaibe, wilaya ya Corozal, Belize, mtoto wa nne wa Don Wenceslao Góngora na Doña Petrona Tzul, na jina lake la ubatizo ni Nicolasa, si Nicolaza kama lilivyosomwa redioni.

Alisoma shule ya kanisa Xaibe, enzi ambazo mtoto aliyesema Kihispania badala ya Kiingereza uwanjani alichapwa, akamaliza mwaka 1956, na Januari 1958 akaanza kufundisha madarasa ya chini, kazi aliyoifanya miaka arobaini.

Tarehe 14 Mei 1966 aliolewa na Hilario Perera, mkulima wa miwa, wakajaliwa watoto watatu, Ovidio, Marcial na Delfina. Delfina, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1974, alichelewa kusema, na aliposema, sentensi zake zilikatika njiani, za Kihispania na za Kiingereza vilevile. Mkaguzi mmoja wa shule alisema mtoto anachanganywa na lugha mbili, wazazi waache kusema naye Kihispania nyumbani, nao wakatii miaka miwili, wakiungwa mkono na kaka wa marehemu, huyu anayewasomea. Sentensi hazikupona, ila Delfina hakuweza tena kuongea na bibi yake, Doña Petrona, ambaye hakuwa na lugha nyingine, na ambaye siku moja, akigeuza tortilla, chapati ya mahindi, alimwambia marehemu, "Wewe binti, umeninyang'anya mjukuu nami ningali hai." Doña Petrona alifariki tarehe 11 Machi 1981, na marehemu hakujisamehe.

Tangu hapo hakumpima mwanafunzi kwa lugha moja, aliwafuata wanafunzi majumbani kuwasikiliza, na aliyekwama katika zote mbili alimtafutia msaada, aliyekwama katika Kiingereza tu alimtoa kwenye orodha ya wazito wa kuelewa. Wakuu walichoka naye, naye akachoka nao. Darasani na mezani alikataza mtu kummalizia mwenzake sentensi, hata Hilario akalalamika, "Kwa mwendo huu, Nico, chakula cha leo tutakila kesho."

Aliugua figo kuanzia mwaka 2019, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 2022. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Xaibe, na walimu wenzake.

Lala kwa amani, dada, umesubiri vya kutosha. Neno la mwisho ameomba kulisema Delfina, kwa Kihispania. Tafadhali, asimaliziwe na mtu, tumsubiri.