Mikono Iliyokataliwa Kumwosha Mama

Amani iwe kwenu, mama zangu na dada zangu. Wakubwa, shikamooni. Nikilia mnivumilie, maana haya hayajanitoka.

Kijijini kwetu Kikole, nilikotoka, mwili wangu ulikuwa mabaka mekundu yenye magamba meupe, viwikoni, magotini, mpaka viganjani. Kwetu tunabangua korosho, hivyo kila mtu alisema ni utomvu umeniunguza. Mama yangu akanitibu kama tunavyotibu chunjua: akakamua mafuta ya ganda la korosho, akanichoma baka moja moja. Nilipiga kelele, naye analia kunionea huruma. Vidonda vilipokauka, mabaka yalirudi makubwa, na hata kwenye ngozi safi mafuta yalikotiririkia yakatoka mapya. Ndipo watu wakaanza kunong'ona kuwa ni ukoma.

Kisha mama akaugua. Akaniambia, "Siku yangu ikifika, utaniosha wewe." Nikamwahidi.

Siku ilifika. Nikashika kata ya maji, waoshaji wakaipokea mkononi mwangu taratibu. Mkubwa wao akasema, "Kaa nje, mwanangu. Maiti naye anastahiwa." Ndugu zangu, nawaambia, niliyasikia maji yakimwagika nyuma ya pazia, nami nimekaa chini kama niliyekuja kutoa pole tu. Moyo ulivunjika, na sidhani umeunga.

Shangazi yangu wa hapa Rasbura aliyaona yale. Baada ya arobaini akanipeleka hospitali. Daktari akasema ni soriasisi. Akaeleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui: chembe nyeupe za damu zinatoa protini za kupeleka ujumbe, zinaiambia ngozi ijijenge upesi, nayo inapanda juu kabla haijakomaa. Jeraha lolote huzichochea. Nikayakumbuka mafuta ya korosho, nikashukuru mama hakuwapo kusikia.

Dawa ya kupaka, alisema, inapenya mpaka kwenye kiini cha seli na kuzima maagizo ya kutengeneza protini zile. Vidonge, ambavyo nameza mara moja tu kwa wiki huku nikipimwa damu, vinazituliza chembe zenyewe. Ziko na sindano zinazozinasa protini njiani, kabla hazijafika kwenye ngozi. Dawa hizi haziung'oi ugonjwa, zinaunyamazisha.

Mimi nilikuwa na swali moja. "Daktari, ningemwosha mama yangu, ningemwambukiza nani?"

Akajibu, "Hakuna, mama. Hauambukizi."

Nililia mbele yake mpaka akafunga mlango. Kupona kulianzia siku ile, na msiba wangu ukaanza upya siku ileile.

Namshukuru shangazi. Namshukuru daktari. Na ninyi wa kikoba hiki, mliokula wali wa mikono yangu kabla haijatakata, Mungu awalipe, mimi siwezi.

Nina ombi. Akifiwa mtu, na binti wa marehemu akaja na mikono kama ile yangu, msimnyang'anye kata. Muulizeni daktari, lakini mwacheni apite. Ngozi ina dawa. Mama haoshwi mara ya pili.