Mama Tarehe Hakuwa Mzembe

Marehemu dada yetu, ambaye ofisini walimwita Mama Tarehe, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea upigaji chapa miaka miwili. Walimu walimsifu kwa mwandiko. Sisi wadogo zake tulimjua kwa ukali. Ukiazima kalamu yake, ilibidi uandike lini utairudisha.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na wakili mmoja mzee, ambaye naye ametangulia, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu. Alikuta mafaili yamerundikwa chooni. Jamani, chooni! Mwezi haukuisha, kila faili likawa na namba yake, rafu yake na jina la aliyelichukua. Kisha akaanzisha daftari la tarehe: siku ya kesi kwa wino mwekundu, na wiki moja kabla yake, onyo kwa wino wa bluu. Wakili mwenye kesi alisaini kando ya onyo kwamba ameliona. Mawakili wapya tisa walijifunza kwake jinsi ofisi inavyoendeshwa. "Sheria umeshasoma, mwanangu," aliwaambia. "Sasa kaa hapa ujifunze kazi."

Aliolewa na fundi saa tarehe 8 Desemba 1990. Alipokwisha kutia saini cheti cha ndoa, alimgeukia mfungishaji: "Tarehe umeandika sawasawa? Hebu nione." Shemeji anasema hapo ndipo alipojua ameoa bosi.

Sasa tuseme linalotuuma. Tarehe 12 Mei 2022 mama mmoja mjane alinyang'anywa nyumba kwa sababu wakili wake hakutokea mahakamani. Wakili huyo ni mtoto wa yule mzee. Marehemu ndiye aliyemfundisha hata kufunga faili kwa kamba. Badala ya kukiri, alimwandikia dada yetu barua ya kumfukuza kazi kwa "uzembe". Baada ya miaka thelathini na mitano! Wiki sita baadaye dada alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwuliza, "Na wewe wameshakuambia mimi mzembe?" Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Januari 2023, saa nne asubuhi, akiwa bado anauliza.

Juzi ofisi hiyo ilituletea sentensi tuiweke katika wasifu huu: "Alikuwa msaidizi wetu mpendwa." Hawana haya hata kidogo. Hatuiweki. Tumeleta daftari la mwaka 2022. Aliyetupatia hatumtaji, bado anahitaji kazi. Ukurasa wa tarehe 5 Mei, onyo lipo, kwa bluu. Kando yake ipo saini ya wakili.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na wadogo zake wanne, akiwemo huyu anayewasomea.

Daftari liko juu ya jeneza, limefunguliwa. Wakili, tumekuona umekaa mstari wa tatu. Ukipita kuaga, soma saini yako.

Pumzika, dada. Hukuwa mzembe.