Mkanda Alioupigania Mama Emiliana

Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wetu Ndugu Obedi, wazee wetu wa Nkuhungu, madereva wenzangu, ndugu wageni waalikwa: wakubwa shikamooni, wadogo vumilieni, chakula kinakuja. Mimi ni Salha, dereva, na nimeombwa kumuaga Mama Emiliana, anayestaafu leo baada ya miaka mingi ya kubeba mahindi ya Kibaigwa.

Mnamwona alivyo. Akishika usukani, aliyeko barabarani huona kofia tu, akadhani lori linajiendesha. Yalipokuja malori mapya, mkanda ulimpita shingoni, na ili mguu ufike kwenye klachi ilimbidi asogee mpaka kifua kiguse usukani. Akalalamika. Ndugu Obedi akamjibu, "Mama, lori hili lilijaribiwa kwa kugongeshwa ukutani na sanamu ndani, na sanamu halikuumia."

"Sanamu lenyewe lina umbo gani?"

"La mwanamume wa kawaida."

"Basi lipe funguo liendeshe."

Tulicheka, jamani. Lakini wiki hiyohiyo ng'ombe alikatiza barabara, Mama akakanyaga breki. Ng'ombe akaenda zake, mahindi yakabaki salama, na mfupa wa mtulinga, huu wa chini ya shingo, ukavunjwa na mkanda uleule wa kumlinda. Ni mlinzi gani huyo anayempiga mwenye nyumba?

Alirudi mkono ukining'inia kwenye kitambaa, akamwambia Mkurugenzi, "Baba, panda. Kiti usikisogeze, kaa kwa kipimo changu." Nanyi mnaujua urefu wa Ndugu Obedi! Magoti yalipanda mpaka kidevuni, moja likabonyeza honi, ikalia mpaka wachuuzi wakakimbia na ndoo zao.

"Nitoeni humu!"

"Mara hii, baba? Mimi hufika Kondoa hivyo hivyo, kiti kisichonienea."

Na hapa nimsifu Mkurugenzi: hakununa. Aliita mafundi, wakaweka viti vinavyopanda na mikanda inayoshushwa, na tangu siku ile lori halinunuliwi mpaka mimi na Mama, wafupi wawili, tulikalie. Wauzaji wanatuogopa kuliko trafiki.

Mwezi uliopita, njia ya Busi, tairi lilinipasukia, lori likalala mtaroni. Mkanda ulinishika begani na kiunoni, panapostahili. Nilitoka kwa miguu yangu, nikakaa chini, nikalia. Kisha nikampigia simu mwanangu Mgeni, nikamwambia leo nitachelewa kupika.

Akasema, "Sawa, mama, nakusubiri."

Hakujua kitu. Mama Emiliana, mimi najua. Nenda kapumzike. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana.